Chumba cha Mgeni Kina Mama Mkwe Ndani

Jumamosi, alasiri. Mpanda. Oktoba hii jua haliwaki, linakaanga. Mawingu yalikuja asubuhi juu ya Nsemulwa, yakatuangalia, yakaona hatuna la maana, yakaenda zao Tabora.

Nimekaa kibarazani, miguu kwenye beseni la maji, na sitaki mtu aniite. Ninaandika kwa sababu nikimsimulia jirani kwa mdomo nitacheka katikati, mahali pengine nitalia, na yeye atachagua sehemu ya kusambaza.

Kwa wasiotujua: mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mume wangu, Baba Editha, ananunua asali vijijini huko Inyonga, anaichuja nyumbani, anaiuza. Mtoto wetu ni mmoja, Editha, kidato cha tatu. Tumekubali kupokea mwanafunzi kutoka Norway, msichana anaitwa Liv, asome muhula mmoja na Editha. Mwakani Editha naye aende kwao akae muda kama huo.

Ila ukiharibu huku, safari ya kule anapewa mwingine. Na huyo mwingine tunamfahamu. Ni Prisca, binti wa Mama Prisca wa jumuiya yetu, mwenye nyumba ya vigae mpaka jikoni.

Mama Prisca alishapokea mgeni wa namna hii mwaka juzi, kwa hiyo siku hizi anaongea kama ubalozi. Ndiye aliyeniambia baada ya sala, akiwa amenishika mkono kwa huruma: "Mama Editha, wale watu jambo la kwanza ni chumba. Chumba chake peke yake. Na kitasa kinachofunga. Mratibu akikuta hakuna, anamhamisha mtoto siku hiyohiyo."

Sikulala vizuri.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Kimoja chetu, kimoja cha Editha, na cha tatu kilikuwa cha asali. Ndoo kwa ndoo, mpaka dirishani. Nyuki wa mtaa huu wanakijua chumba hicho kama vijana wanavyoijua baa. Baba Editha aliahidi mnunuzi atakuja kuzibeba kabla ya mgeni. Mnunuzi gari lake likaharibika. Basi ndoo zote zikahamia sebuleni, nyuma ya makochi, na nyuki wakahama nazo. Nikafunika kwa vitambaa vya kufuma. Ukiingia unaweza kudhani tuna makochi mengi mno.

Chumba nikakipaka rangi mwenyewe. Pazia jipya. Chandarua kipya. Kitasa kikafungwa na Kulwa, fundi wetu, ambaye pia alipewa kazi ya choo.

Choo. Jamani.

Sisi hatuna shida na choo chetu cha kuchuchumaa, tumekizoea. Lakini nilisema mgeni lazima apate cha kukaa. Jumatano Kulwa akaleta sinki, akalisimika uani kwenye chumba cha pili cha choo, akasema lisiguswe mpaka saruji ikauke. Akaweka ubao mlangoni. Akaondoka, na simu yake ikaanza kutopatikana.

Jumatano hiyohiyo jioni likaingia lori la mpunga kutoka Usevya, likasimama mbele ya geti letu, akashuka mama mkwe.

Tulikuwa tunamtegemea Jumapili. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na Jumatatu ndiyo siku yake ya upasuaji pale hospitali. Lakini alipata lifti mapema, akaona asiiache. Alishuka na kifurushi cha nguo, debe la mchele, na jogoo mwekundu mkubwa aliyefungwa miguu.

"Huyu ni wa mzungu wenu," alisema.

Nikapiga magoti nikamwamkia, nikapokea mzigo. Baba Editha kwa furaha akamwingiza mama yake moja kwa moja kwenye chumba chenye pazia jipya. Jogoo akafungwa kwenye mguu wa kitanda. Mimi nikabaki nimesimama na debe la mchele kichwani, nikitabasamu kama picha ya kitambulisho.

Kesho yake alfajiri mama mkwe alitoka kwenda chooni. Macho yake hayaoni ubao. Aliupapasa, akausogeza, akaingia, akakaa.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini saruji ilikuwa mbichi, na sinki likalala upande. Mpaka leo limeinama kuelekea mpapai. Ukikaa lazima ushike ukuta.

Alhamisi jioni nilifanya jambo ambalo nilikuwa nalizungukazunguka mchana kutwa. Nikaenda kwa mama mkwe akiwa amekaa kitandani anachambua mchele kwa vidole. Nikapiga magoti tena. Nikasema kwa adabu zote nilizofundwa nazo Sumbawanga, "Mama, samahani. Mgeni anafika kesho, na wenyewe wanataka awe na chumba chake. Nilikuwa naomba kesho ulale na Editha."

Aliendelea na mchele. Halafu akasema, "Sawa, mkamwana."

Basi. Hakununa, hakuuliza. Nikatoka nimefurahi. Nikajisifu hata, nikasema kumbe mambo haya ni kauli tu.

Jana Ijumaa, siku niliyoomba ruhusa shuleni kwa ajili ya mgeni, asubuhi nikaenda kumpelekea chai. Kitanda kimetandikwa. Kifurushi hakipo.

Jogoo kamchukua.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hatanii. Nikamwita Baba Editha. Alikuja, akakiangalia kile kitanda, akapauka. "Mama hajawahi kutandika kitanda tangu nimjue," alisema. "Huyu kaondoka."

Nikamwambia akimbilie stendi. Akakataa. "Nenda wewe. Mimi nikienda atasema umenituma, ndiyo atakasirika kabisa."

Alikuwa na haki. Lakini mratibu, dada mmoja anaitwa Rehema, alikuwa ameahidi kuja kukagua nyumba mchana, kabla ya kwenda kumpokea Liv stesheni. Treni inatarajiwa jioni. Nikapiga hesabu kichwani: nikienda stendi na kurudi, nitamuwahi. Nikiwa na bahati nitarudi na muda wa kupiga deki. Nikachukua bajaji, na kwa haraka zangu simu nikaiacha juu ya friji.

Njiani nilikuwa najitukana. Mwanamke mzima, nimemtoa mama wa mume wangu kitandani, haoni, siku chache kabla ya kupasuliwa, kwa ajili ya mtoto wa watu ambaye hata simjui. Na nikifikiri atakavyosimulia Usevya! Kule ukoo wa mume wangu umejaa kanisa zima.

Basi la Usevya lilikuwa linanguruma tayari. Nikapanda. Mama mkwe yuko siti ya nyuma karibu na dirisha, jogoo mapajani, wote wawili wanaangalia mbele.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba."

"Mama, tushuke. Turudi nyumbani."

"Mimi naenda kwangu. Nyie mna mgeni."

Alisema kwa sauti, na basi zima likageuka. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa akauliza mgeni gani. Jirani yake akamjibu kabla sijafungua mdomo: huyu mkwe kamtoa mama chumbani, anamweka mzungu. Sijui alijuaje. Wakaanza kutikisa vichwa. Mzee wa Kisukuma mwenye kofia pana akaniangalia kwa masikitiko makubwa, kama mtu anayeangalia ng'ombe mgonjwa. Kondakta akapiga bati. "Mama mwalimu, unasafiri au unashuka? Gari linatoka."

Nilitamani sakafu ya basi ipasuke. Badala yake nikakaa. Siti ya pembeni yake ilikuwa wazi, nikakaa pale, nikamwambia kondakta tuko kwenye maongezi ya familia. Akamwashiria dereva azime injini. Hajali, naye alitaka kusikia.

Nikamwambia mama mkwe kwa sauti ya chini kwamba nimekosa, kwamba chumba ni chake, mzungu atalala popote, na kama mratibu hataki basi ampeleke kwa Mama Prisca. Nilimaanisha. Uso wa Editha ulinijia niliposema hivyo, lakini nilimaanisha.

Akapapasa bega langu. Halafu akaniegemea sikioni.

"Chumba!" alinong'ona, kama mtu aliyetajiwa kitu cha kijinga. "Sisi tumelelewa watu tisa kwenye mkeka mmoja. Chumba nilikifanya sababu tu."

"Sababu ya nini, mama?"

Akamshika jogoo vizuri. "Kule kwetu wanasema jicho wanalitoa. Wanaliosha, halafu wanalirudisha. Sasa likidondoka?"

Nilitaka kucheka, na nikaona vidole vyake vimeng'ang'ania manyoya ya jogoo. Kicheko kikaniishia kifuani.

Huyu mama nimemfahamu tangu naolewa. Alizika mume, akalima mpunga peke yake, akasomesha watoto. Sijawahi kumuona akiogopa chochote. Hata nyoka anamuua huku anaendelea na mazungumzo. Na usiku ule alikuwa kwenye chumba changu chenye pazia jipya, amelala macho, anawaza jicho linadondoka kwenye sakafu ya hospitali.

Nikaanza kumweleza. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, hilo ndilo ninalolijua. Nikamwambia jicho halitoki mahali pake, kuna kitu ndani kama kioo kidogo kimeingia ukungu, wanakibadilisha hicho tu. Nikavuta kope langu kumuonyesha, ingawa haoni. Basi zima likainama kusikiliza, na mama wa dagaa akavuta la kwake. Nadhani ndicho kipindi nilichofundisha vizuri kuliko vyote mwaka huu.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu. "Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Mpaka ndani?"

"Mpaka wanitoe kwa nguvu."

Akafikiri. Kisha akanikabidhi jogoo, akajifunga kitenge vizuri, akasimama. Abiria wakapiga makofi. Mzee mwenye kofia akatupisha njia, akamwambia dereva, "Haya sasa, washa."

Tukarudi na bajaji, mimi na jogoo, mama mkwe ameshika chuma, anaimba wimbo wa kanisani taratibu. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nikasema tutafika, nitapiga deki, nitabadilisha gauni.

Mbele ya geti limesimama gari lenye vumbi la Tabora.

Kumbe treni ilichelewa Tabora, Liv akaletwa kwa gari tangu alfajiri, na dada Rehema akaongozana naye moja kwa moja hadi kwetu. Walinipigia. Simu iko juu ya friji.

Nikaingia na jogoo wangu kwapani. Kitu cha kwanza kuona ni dada Rehema, mratibu, mwanamke nadhifu wa suti ya kijani, amesimama katikati ya sebule peku. Viatu vyake vya kisigino vimebaki hatua chache nyuma, vimenata sakafuni, vimesimama vyenyewe kama vinamsubiri. Baba Editha kwa kuwaona wageni alikurupuka kusogeza kochi, akaangusha ndoo, kifuniko kikaruka. Asali ilikuwa inatembea kuelekea mlangoni kwa utulivu. Yeye amepiga magoti na dekio, na kila akipangusa anaieneza zaidi. Nyuki wameshafika, mmoja mmoja, kama wajumbe.

Na kwenye kochi zuri, miguu juu, hotpoti mapajani, amekaa Mama Prisca. Alikuwa "anapita tu kuwasalimia".

Liv mwenyewe alisimama pembeni ya dirisha. Mrefu, nywele nyeupe kama pamba, anahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule. Alivyoniona akanisogelea akikwepa asali, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama. Nimefurahi mno kukutana nawe. Tafadhali, waweza kunielekeza maliwatoni?"

Kumbe alikuwa ameuliza hivyo tangu afike. Kiswahili chake amefundishwa na mama mmoja wa Unguja huko kwao. Baba Editha alisikia Malawi, akamjibu kwamba hiyo iko mbali, ni kupitia Sumbawanga. Mtoto wa watu akabaki anavumilia. Dada Rehema alikuwa kwenye simu, na Editha alikuwa hajatoka shule.

"Choo!" nikapiga kelele. "Anataka choo!"

Nikamshika mkono nikamkimbiza uani. Nikamfungulia mlango wa choo cha kukaa. Akakiangalia kile kilivyoinama. Akaniangalia mimi. Akaingia kile kingine, cha kuchuchumaa, akafunga mlango.

Niliporudi sebuleni dada Rehema alikuwa ameokoa viatu vyake. Nikaona bora nimalize yote kwa mara moja. Nikamwambia, huku jogoo bado yuko kwapani, "Dada, nisikufiche. Chumba cha mgeni kina mama mkwe ndani, na hatoki. Jumatatu anapasuliwa macho. Kama mnamhamisha Liv, mhamisheni, tutaelewa."

Baba Editha akaacha kupangusa.

Dada Rehema akanishangaa. "Chumba? Sisi tunataka kitanda chake na chandarua. Akilala na Editha ni vizuri zaidi, ndiyo lugha inaingia. Nani kakwambia chumba?"

Macho yetu yote yalijikuta upande mmoja wa sebule. Mama Prisca akafunua hotpoti yake, akaanza kukagua kama chapati zimepoa.

Sitamhukumu. Labda mgeni wake alikuwa na masharti mengine, na labda alinishauri kwa moyo safi kabisa. Labda. Chapati zake zilikuwa laini sana, na kuandika hivyo kunaniuma.

Liv alipotoka chooni mama mkwe alimwita, akamshika uso kwa mikono miwili, akapanda na vidole mpaka alipokwamia. "Mrefu hivi! Wanamlisha nini?"

"Mboga tu, Bibi," dada Rehema akasema. "Hali nyama."

"Hali nyama? Anaumwa?"

"Haumwi. Hapendi tu."

Mama mkwe akasikitika kidogo, halafu uso ukamng'aa. "Sawa. Basi mchinjieni kuku."

Baada ya maelezo marefu, kwa Kiswahili, kwa Kipimbwe, na kwa ishara, ikaeleweka kwamba jogoo hatachinjwa. Liv akaomba ambebe. Wakapigwa picha wote watatu, yeye, mama mkwe na jogoo, na dada Rehema akasema hiyo ndiyo atakayowatumia wazazi wake kule Norway. Nikajaribu kufikiri wazazi hao watawaza nini wakiona sakafu.

Editha alirudi jioni, akamkuta Liv kwenye chumba chake anakunja nguo. Wakaogopana kwa muda mfupi sana. Sasa hivi ninavyoandika nawasikia ndani. Editha anamwambia hapa hatusemi "nyinyi", tunasema "nyie", na Liv anasema mwalimu wake atalia. "Mama," Editha ananiita dirishani, "huyu anaongea kama taarifa ya habari!" Halafu vicheko. Huyu mtoto wangu nilidhani ni mkimya.

Mama mkwe amelala kwenye chumba chenye kitasa. Hajakifunga hata mara moja. Kulwa bado hapatikani. Mnunuzi wa asali amepiga simu kusema gari limepona, atakuja Jumanne, na Baba Editha hajamwambia kwamba kuna ndoo moja pungufu.

Nilichofanya leo cha maana ni kimoja tu. Mchana nilimpigia mkuu wa shule kuomba ruhusa ya Jumatatu. Nina vipindi vitatu na mtihani wa majaribio wa kidato cha pili, kwa hiyo nilijua atauliza. Akauliza. Nikamwambia nampeleka mgonjwa hospitali, anafanyiwa upasuaji, ameniomba nisimwache.

"Mgonjwa ni nani yako, mwalimu?"

"Mama yangu."

Akasema pole, akanipa siku mbili. Hakuuliza ni mama yupi, nami sikuona cha kuongeza.